Kilio Kisichokuwa na Maiti

Jumanne ile, saa tano na nusu, jua likiwa limeshakuwa kali, watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, walikuja kumlilia mtu ambaye hakufa.

Aliyeanza ni mama Régine. Alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani, akapita mbele ya nyumba ya Antoinette, fundi wa nguo, akaona mlango uko wazi. Cherehani imefunikwa kitambaa. Viatu vya wanawake vimepangwa nje. Ndani, wanawake sita wamekaa chini kwenye mikeka, vichwa vimeinama, hakuna anayemsemesha mwenzake. Sasa wewe niambie, mtu aliyezaliwa Bukavu au Uvira au Fizi, kule Kongo, akiona hivyo atafikiri nini? Kwetu wanawake hawakai mikekani mchana wakanyamaza ila kama kuna maiti. Mama Régine alitua ndoo, akashika kichwa kwa mikono miwili, na ile sauti yake inayoongoza maombi kila Ijumaa ikapasuka: "Yooo! Mama yangu weee! Antoinette, nani tena?"

Wale wa ndani waliposikia kilio walidhani msiba uko nje. Wakatoka mbio, miguu mitupu, nao wanalia. Mama Régine alipowaona wanatoka wanalia ndipo akawa na hakika, akajitupa chini. Kwa robo saa nzima pande mbili zilililiana, kila upande ukiamini mwenye msiba ni yule mwingine. Majirani wakafika na mikeka. Mmoja akaleta kuni za kupikia waombolezaji. Kwaya, ambayo ilikuwa inafanya mazoezi karibu, ikaja tayari na wimbo wa maziko.

Mwisho akafika pasta Épitace, mchungaji wa Kanisa la Sauti ya Ushindi. Alikuja juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, amevaa koti lake jeusi la mazishi katika jua lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mama Bénie, pole sana," alisema, akimshika Antoinette mikono yote miwili. "Nani alikufa?"

Antoinette alifuta machozi. "Kwa mama Régine, pasta. Ye njo alilia wa kwanza."

"Kwangu?" Mama Régine aliinuka, vumbi limejaa kitenge. "Kwangu hakuna mutu alikufa! Ni kwako! Mulikuwa munakaa chini na kunyamaza!"

"Tulikuwa tunasoma Biblia."

"Kusoma Biblia bila sauti?"

"Tulishasoma kwa sauti, kisha tukanyamaza."

"Sura gani?" aliuliza pasta.

"Ni mustari moja tu, pasta."

"Tangu saa ngapi?"

Antoinette aliangalia chini. "Tangu saa ine."

Yule dereva wa kabaza, Mmalawi aliyekuwa bado anangoja nauli yake, aliangalia kushoto na kulia, akauliza kwa Kichewa, kwa heshima zote, "Maliro ali kuti?" Yaani, msiba wenyewe uko wapi? Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko, kwaya ikiwamo. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa amevaa koti jeusi.

*

Jioni Antoinette alirudisha kuni kwa mwenyewe, akarudisha mikeka nyumba kwa nyumba, na kila mlango alikuta mtu wa kumuuliza kama marehemu anaendeleaje. Alivumilia. Kilichomuuma kilikuwa kinamngoja nyumbani, juu ya meza, kimeandikwa kwa mwandiko mzuri anaoujua kuliko mwandiko wake mwenyewe.

Mumewe Faustin alikuwa mwalimu kule Fizi. Hapa alikuwa katibu wa kanisa, na barua zote za kanisa alizitunga yeye. Hii nayo aliiandika yeye, pasta akimsomea neno kwa neno: dada Antoinette anaitwa mbele ya wazee Jumamosi, aeleze maombi ya kigeni anayofundisha wamama kwa siri.

"We njo umeandika?" Antoinette aliuliza.

"Mi ni katibu."

"Na ni bwana yangu."

Faustin alifunika kalamu. Alijua, na mkewe alijua, barua ile ingewagharimu nini. Harusi ya binti yao Bénie ilikuwa imebaki wiki tatu. Na kanisa lao lina sheria: aliyewekwa chini ya nidhamu jina lake linaandikwa kwenye kitabu, anakaa benchi la nyuma miezi sita, na hasimami mlangoni. Mlangoni ndipo pasta anapouliza nani anamleta bibi arusi. Mama ndiye anayejibu wa kwanza, kwa sauti, ndipo baba. Mama aliye chini ya nidhamu hajibu. Shangazi anajibu badala yake, naye mama anaangalia kutoka kule nyuma kama mtu aliyekuja kuazima kiti.

Bénie aliacha kusonga bugali akaja na mwiko mkononi. "Mama, si uombe tu kama benzako? Upaze sauti kidogo, hata kama ni ya uongo. Wiki tatu tu. Kisha ukinyamaza, unyamaze."

"Mutoto, Mungu anadanganywa?"

"Mi siko nasema Mungu. Niko nasema pasta."

Antoinette angependa kucheka. Lakini sauti yenyewe ndiyo hakuwa nayo. Zamani alikuwa wa kwanza kati ya wanamaombi, anaomba mpaka kifua kinauma. Halafu, miaka miwili iliyopita, mtoto wao wa kwanza, Junior, alikufa kwa homa, ana miaka kumi na tisa. Tangu siku ile Antoinette alifungua mdomo kanisani mara nyingi, na mara zote hakutoka kitu. Watu walipiga kelele kwa Mungu kulia na kushoto kwake, naye katikati pale alikuwa anahesabu mabati. Aliona haya. Aliogopa kwamba imani imemtoka, na mke wa katibu atamwambia nani jambo kama hilo?

Sista Gertrude ndiye aliyemwokoa, mtawa mzee wa Lilongwe, aliyempelekea sare za watoto azishone. Alimwonyesha namna nyingine. Unachukua neno fupi. Unalisoma polepole, unanyamaza. Unalisoma tena, unaangalia ni wapi linakushika. Mara ya tatu unamjibu Mungu kimoyomoyo. Mara ya nne hujibu tena, unakaa naye tu. Antoinette alijaribu peke yake miezi mitatu, na siku moja, bila kujua imetoka wapi, alijikuta anaomba tena. Alifurahi mno. Furaha hiyo ndiyo iliyomfanya awaite wale wamama watano, na woga ndio uliomfanya asimwambie mtu mwingine yeyote, hata Faustin.

*

Alhamisi alipata kibali cha kutoka kambini siku moja, akapanda minibasi asubuhi kwenda Lilongwe. Mtaa wa Old Town alinunua dantela, lesi ya gauni la Bénie, kwa Mhindi mmoja aliyempunguzia baada ya mabishano marefu. Halafu akaenda Area 49, kwenye nyumba ya masista, na dantela yake kifuani, akamweleza Sista Gertrude yote. Sista alikuwa amekaa Kigoma miaka kumi na moja, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi wetu.

Alipofika kwenye habari ya dereva wa kabaza, Sista alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena.

"Mchungaji wako anasema nini hasa?"

"Anasema ukinyamazisha akili unaacha mulango wazi, shetani anaingia. Na mama Régine anasema ni mambo ya Bakatoliki."

"Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo mama Régine hajakosea sana." Sista alimmiminia chai. "Antoinette, nikuulize kitu. Uliwakusanya wanawake watano wa kanisa la mtu, ukawafundisha usichofundishwa naye, na mlango wake unaujua, na hukubisha hodi?"

Antoinette alikuwa amekuja kutetewa. Uso ulimwaka moto. "Nilijua atakataa."

"Pengine. Lakini hukumpa hata nafasi ya kukataa. Mahali hapo una kosa, na uliseme."

"Na kusoma? Niache?"

Sista alifikiri, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Hii ni njia ya kwenda kwa Mungu. Si Mungu. Ikibidi uchague kati ya njia hii na kusimama na mwanao mlangoni, mimi sitakulaumu, na Yeye hatakulaumu. Lakini usiende kule kusema uongo, kwamba ulichokiona hukukiona. Hapo ndipo utaumia."

Antoinette alirudi Dzaleka amekasirika njia nzima. Alimkasirikia Sista, akamkasirikia pasta, na alipofika njia panda ya Dowa alikuwa ameanza kujikasirikia mwenyewe. Hiyo hasira ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya haki.

*

Jumamosi mchana wazee watano walikaa mbele, kwenye meza ya sadaka. Pasta katikati. Mama Régine pembeni, kama shahidi. Faustin kwenye kona ya meza na kile kitabu cha nidhamu, kimefunguliwa ukurasa mweupe. Antoinette aliambiwa akae benchi la nyuma, kesi haijaanza na kwenye adhabu ameshakalishwa, na ilibidi aongee kwa nguvu ili wamsikie.

"Nilikosa," alisema. "Nilikusanya bamama bila kumuambia pasta. Nilificha hata bwana yangu. Naomba musamaha kwa ile. Lakini kusoma na kunyamaza siwezi kusema ni zambi, juu mi niliona Mungu mule."

Wazee wakaangaliana. Pasta Épitace hakuwa mtu mbaya, na niseme hivyo kabla hujamchukia. Miaka minane aliwazika watu wa kambi hii, wa kanisa lake na wasio wa kanisa lake, na aliogopa kwa dhati.

"Dada," alisema, "Yesu alisema juu ya nyumba iliyofagiwa, ikabaki tupu. Pepo alirudi na benzake saba. We unafagia akili za bamama, unaziacha tupu. Nani anaingia? Na imani inatoka ku kusikia. Bantu banasikia nini, kama hakuna anayesema?"

"Haiko tupu, pasta. Neno liko ndani. Tunalisoma kwa sauti mara ine."

"Mara ine mustari moja! Na Biblia yote hii nani atamaliza?"

"Kumaliza, tulishamaliza mara ngapi?" Antoinette alisema, na hakukusudia ukali. "Mi nilikuwa naimaliza kila mwaka, na sikukumbuka kitu."

Mama Régine alinyoosha mkono. "Yule Hana wa mu Biblia alikuwa anaomba bila sauti, ni kweli. Lakini midomo ilikuwa inacheza! Hawa bamama hata midomo haichezi!"

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Pasta aliona kesi inamponyoka. Akapiga meza kidogo. "Basi fanya. Hapa, mbele yetu. Tuone kwa macho. Kama ni ya shetani, tutajua."

Antoinette aliomba mumewe asome, kwa kuwa ana sauti ya mwalimu. Faustin hakutaka, lakini nani atakataa mbele ya wazee? Alipewa habari ya Hajiri, yule mjakazi aliyekimbia, malaika akamkuta jangwani karibu na chemchemi, akamwita, Hajiri, mjakazi wa Sarai, umetoka wapi, na unaenda wapi? Na Hajiri akajibu kwamba anakimbia.

Alisoma. Wakanyamaza.

Loo, dakika mbili ni ndefu! Bati lilikuwa linalia kwa joto. Kinu cha kusagia mahindi kilinguruma mbali. Mama Régine alikuwa anajikinga kwa kunong'ona Yesu, Yesu, Yesu. Mzee mmoja alitikisa kichwa polepole, akasema kama anajisemea, "Umetoka wapi, unaenda wapi. Ile swali baliniuliza ku biro ya bakimbizi mara sita. Sikujua iko mu Biblia."

Faustin akasoma mara ya pili. Wakanyamaza.

Mara ya tatu alifika kwenye jina, Hajiri, akasimama. Wakadhani anatafuta mstari. Akarudi nyuma, kidole kikipanda ukurasani, akarudi tena.

"Endelea, katibu," pasta alisema.

"Ngoja, pasta. Ngoja kidogo." Sauti ya ualimu ilikuwa imekwenda. "Angalia. Bwana ya Sarai hamuiti jina. Sarai hamuiti jina. Banasema mujakazi, mujakazi. Huyu wa jangwani njo wa kwanza kumuita jina yake."

"Ni kweli. Basi soma."

Faustin hakusoma. Aliweka viganja juu ya Biblia. "Mi ni baba Junior," alisema. "Miaka kumi na tisa baliniita baba Junior. Tulizika mutoto Ijumaa, na Jumamosi kila mutu akaanza kuniita baba Bénie. Hakuna aliyeniuliza. Nilijibu, juu nilijua ni huruma. Lakini tangu siku ile, mutu akiniita njiani, naona banaita mutu mwingine. Hata ku nyumba sijataja lile jina. Hata kwa mama yake."

Antoinette alikuwa ameshasimama. Hakumbuki alivyotoka benchi la nyuma mpaka mbele, lakini alifika, akaweka mkono begani kwa mumewe. Faustin alilia wazi, mwanaume mzima, na hakuna mzee aliyemwambia ajikaze.

Mama Régine aliacha kunong'ona. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ni mi," alisema. "Mi njo nilizunguka manyumba, nikaambia bantu baache kutaja lile jina, lisibaumize. Nilizani nafanya muzuri. Mama Junior, unisamehe. Baba Junior, unisamehe."

Antoinette alimkumbatia. Alishangaa kwamba hana hasira hata kidogo.

Pasta Épitace alijifuta jasho, safari hii bila koti. "Niseme ukweli," alisema. "Mi sikusikia kitu. Nilinyamaza na nyinyi, na nikafikiria bati inayovuja pale juu, nikafikiria pia ile kabaza."

"Hata mi, pasta," alisema Antoinette. "Siku mingi ni vile tu."

"Ni vile?"

"Ee. Mi nafikiria vifungo."

Wazee wakacheka, na pasta naye, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akacheka. Halafu akageuka kwa Faustin. "Katibu, shika kalamu. Andika: dada alificha, aliomba musamaha, alisamehewa. Hakuna benchi la nyuma. Ya kunyamaza usiandike kitu, juu ile sijaikubali. Tutaibishania. Kila Jumanne, hapa kanisani, milango wazi, bantu baone kama hakuna maiti. Na mi nitakuwa hapa, nabisha."

"Unabisha kimyakimya?" aliuliza Faustin, macho bado mekundu.

"Katibu, andika."

*

Siku ya harusi Bénie alitembea kutoka nyumbani mpaka kanisani, gauni la dantela la Old Town likikusanya vumbi lote la Dzaleka upindoni, baba kushoto, mama kulia. Bwana arusi Cyrille alikuwa ndani tayari, anatoka jasho kuliko pasta. Kwaya iliimba. Mama Régine alikuwa safu ya mbele, amejipanga kwa vigelegele.

Mlangoni pasta Épitace aliinua mkono, watu wakatulia. "Nani anamuleta huyu mutoto wetu?"

Anayejibu wa kwanza ni mama. Antoinette alikuwa amejiandaa. Aliwaza atasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeagiza uzi dukani, na ikikataa kutoka, Faustin atamalizia. Alimwangalia Bénie. Bénie alikuwa anamwangalia yeye kutoka chini ya shela. Antoinette akafungua mdomo, na sauti iliyomtoka ilimshtua hata yeye mwenyewe:

"Mi! Mi, mama yake! Mama Junior, mama Bénie, mi njo namuleta!"

Ilienda mpaka ukuta wa mwisho, ikarudi. Mtoto mchanga mmoja alishtuka akaanza kulia. Mpiga kinanda akabonyeza asichokusudia. Mama Régine, ambaye Dzaleka nzima inamjua kwa sauti, aligeuka kwenye kiti kuangalia ni nani aliyepiga kelele namna ile.

"Na mi," alisema Faustin, lakini hakuna aliyemsikia, kwa sababu vigelegele vilikuwa vimeshaanza.

Pasta Épitace alingoja vitulie. Havikutulia. Basi akasogea pembeni ya mlango, akamfanyia Antoinette ishara ya mkono apite, naye akaingia na mwanawe.